Tarehe ya kuangaliwa: namna katalogi ya maktaba inavyoorodhesha tovuti

Nilipokuwa nikijifunza uorodheshaji, somo la kwanza lilikuwa la kutojifanya mjuzi: fungua kitabu kwenye ukurasa wake wa jina, nakili kilichochapwa pale, usikisahihishe. Utaratibu huo unafaa kwa sababu kitabu kikishatoka kiwandani kimetulia. Nakala iliyo mkononi mwangu na nyingine iliyo katika maktaba ya bara la mbali zina ukurasa uleule, kwa hiyo rekodi aliyoiandika mkutubi mmoja inaweza kutumiwa na wenzake elfu bila yeyote kuianza upya.

Tovuti haina ukurasa wa jina. Ina jina lililoandikwa kwa herufi kubwa juu ya ukurasa wa mwanzo, ina jingine, mara nyingi lililofupishwa, kwenye kichupo cha kivinjari, na si ajabu ukakuta la tatu kwenye mstari wa hakimiliki kule chini. Kanuni haimtaki mworodheshaji aapie lipi ni la kweli. Inamtaka achague moja, ayataje mengine ili anayeyatafuta ayapate, na aeleze alikolitoa. Maelezo hayo huingia kwenye uga wa 588 (uga ni sehemu ya rekodi yenye namba yake), na humo mna maneno machache ambayo kitabu cha kawaida hakiyahitaji: jina limetolewa kwenye ukurasa wa mwanzo, ulioangaliwa tarehe fulani. Kwangu mimi tarehe hiyo ndiyo kiini cha rekodi ya tovuti, ingawa wasomaji wengi hawaioni na baadhi yetu huijaza kwa kutimiza wajibu tu. Inasema kwamba kitu kilikuwa hivi siku nilipokitazama, na kwamba kwa yaliyofuata sitoi ushahidi.

Wengi hudhani shida hii ililetwa na intaneti. Maktaba za sheria zilikuwa nayo zamani, katika majalada ya kurasa za kuchomoa: sheria ikirekebishwa, mchapishaji hutuma kurasa mpya, mkutubi huzichomeka na kuziondoa zile zilizopitwa, na jalada hubaki lilelile ilhali yaliyomo si yale tena. Kanuni za uorodheshaji ziitwazo AACR2 ziliporekebishwa mwaka 2002, tovuti zinazosasishwa ziliwekwa fungu moja na majalada hayo, zikatenganishwa na majarida. Si mgawanyo wa kinadharia tu. Jarida huelezwa kwa kufuata toleo lake la kwanza, na likibadilisha jina kwa kiasi kikubwa hufunguliwa rekodi mpya, kwa kuwa matoleo ya zamani bado yapo rafuni na jina lao la zamani, na mtu ana haki ya kuyaomba. Tovuti huelezwa kwa hali yake ya sasa. Ikibadilisha jina, rekodi haibadiliki kuwa mbili: jina jipya hukaa kwenye uga wa 245, la zamani hushushwa kwenye uga wa 247, kwa sababu tovuti ya jana haiko rafuni popote, na rekodi inayoieleza ingekuwa inaeleza hewa. Kanuni zilizofuata, za RDA, zilizotoka mwaka 2010, ziliendelea na mantiki hiyohiyo.

Muundo wa MARC, ambamo rekodi hizi huandikwa, una umri mkubwa kuliko wavuti yenyewe. Ulibuniwa miaka ya 1960 katika Maktaba ya Bunge la Marekani chini ya Henriette Avram. Nafasi ya anwani ya kielektroniki, yaani uga wa 856, iliongezwa mwaka 1993. Ndani yake mna vijiuga, yaani sehemu ndogo za uga: kijiuga u hubeba anwani, kijiuga z hubeba neno kwa msomaji, na kabla ya vijiuga hivyo kuna viashiria viwili. Hicho cha pili, tarakimu moja tu, ndicho kinachosababisha lawama nyingi kwenye dawati la huduma: 0 ina maana kwamba kiungo kinafika kwenye kitu chenyewe, 1 kwamba kinafika kwenye namna nyingine ya kitu hicho, na 2 kwamba kinafika kwenye kitu kinachohusiana nacho. Andika 0 mahali pa 2, na msomaji aliyeahidiwa kitabu kizima atafunguliwa orodha ya sura zake.

Kwa viungo vilivyokufa tuna programu inayozizungukia anwani zote na kutoa ripoti. Seva ikijibu 404, yaani "ukurasa haupatikani", tunajua pa kuanzia. Jibu linaloniogopesha ni 200, maana yake "ukurasa upo". Niliwahi kuorodhesha faharasa ya ramani za jiolojia iliyotunzwa na chama kidogo cha watafiti. Chama hicho hakikulipia tena jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti yake, mtu mwingine akalichukua, na programu yetu ikaendelea kila mwezi kuripoti kwamba kila kitu ni shwari, kwani kweli seva ilijibu na ukurasa ulikuwapo. Ni mwanafunzi mmoja aliyenijia na simu yake mkononi akitaka kujua kwa nini maktaba inamshauri acheze kamari.

Vitambulisho vya kudumu vilibuniwa kwa ajili ya ajali za namna hii. PURL, anwani za kudumu, zilianzishwa na OCLC, ushirika wa maktaba, mwaka 1995, na DOI, namba za kudumu za hati, zimeenea mno katika makala za kitaaluma. Zinasaidia sana, lakini kudumu kwake hakumo ndani ya namba. Kumo kwa mtu anayekumbuka kuirekebisha anwani nyuma yake kitu kinapohama.

Lilikuwapo pia tumaini kwamba wenye tovuti wangejiorodheshea wenyewe. Dublin Core, orodha fupi ya vipengele vya kuelezea rasilimali za kidijitali, iliyozaliwa kwenye warsha ya mwaka 1995 katika mji wa Dublin, Ohio, na ambayo baadaye ilitulia kwenye vipengele 15, ilikusudiwa iwe nyepesi kiasi cha mtu yeyote kuijaza. Sikuwahi kuliamini sana tumaini hilo. Anayejieleza mwenyewe hujieleza apendavyo, na mwaka 2009 Google ilitangaza kwamba katika kupanga matokeo ya utafutaji haitumii kabisa maneno muhimu ambayo wenye kurasa hujiandikia kwa siri. Mahali Dublin Core ilipostawi ni katika hazina za kidijitali za vyuo, ambako yuko mtu anayewajibika kuikagua.

Ile faharasa ya ramani niliipata katika Internet Archive, hifadhi inayotunza nakala za kurasa za wavuti, ikiwa imenakiliwa mara kadhaa kabla kikoa hakijabadilisha mmiliki. Sikuifuta rekodi. Nilichagua nakala ya mwisho iliyokuwa nzima, nikaiweka anwani yake kwenye kijiuga u, na ile iliyogeuka nikaihamishia kijiuga h, ambacho sasa kimetengwa kwa anwani zisizofanya kazi na ambacho katalogi yetu haikigeuzi kuwa kiungo cha kubofya. Nilifunga miaka ya uchapishaji kwenye uga wa 264 kwa kuandika mwaka wa mwisho. Kisha nikaandika upya uga wa 588, safari hii kwa tarehe mbili: siku nakala ilipohifadhiwa, na siku nilipoiangalia mimi.