Nzi sitini ndani ya vichupa vitatu

Ujumbe umeingia tena, na kama kawaida umeanza kwa adabu zote: "Shikamoo Dokta, samahani kwa usumbufu." Kisha mzigo unatuliwa. Jaribio limebuma, p imetoka 0.1, mwenye maabara kasafiri, naona bora nijitoe kwenye heshima za idara (departmental honors) nimalize digrii yangu kawaida.

Marahaba, mwanangu. Usijitoe. Na kwa kuwa jibu hili nimeshaliandika kwa watu wengi mno, tena usiku, leo naliweka hadharani. Kuanzia sasa nitakuwa natuma linki tu.

Imani inayonichosha ni hii: kwamba kamati ya idara ya biolojia hukaa kusubiri mwanafunzi alete "matokeo", yaani p iliyo chini ya 0.05 (p ni uwezekano wa kupata tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi kwa bahati tu, kama kweli hakuna athari), na asiyeleta ameanguka. Imani hii ina pacha wake, kwamba heshima za idara ni GPA kubwa, yaani wastani wa alama. Huyo pacha tummalize haraka. Katika vyuo vya Marekani, zile heshima za Kilatini, cum laude na wenzake, kwa kawaida hutolewa na chuo kwa kuangalia GPA. Za idara ni habari nyingine. Huko GPA ni ya kuingilia mlangoni tu; idara nyingi huweka kiwango mahali fulani kati ya 3.0 na 3.5. Ukishaingia unatakiwa kufanya utafiti maabara, aghalabu mihula miwili au zaidi, uandike tasnifu, na mara nyingi uitetee mbele ya kamati. Sisi tuliokulia kwenye daraja la kwanza na la pili la juu tunadhani mambo yote ni hesabu ya alama. Nimemwona mwenye 3.9 akirudi mikono mitupu. Kanuni za idara yako kazisome mwenyewe, hazifanani.

Sasa twende kwenye p.

Nitatumia mfano mmoja, ambao nimeuchanganya kutoka kwa wanafunzi kadhaa ili mtu asijitambue. Swali: je, kafeini kwenye chakula inapunguza uwezo wa nzi wa matunda kupanda? Jaribio ni la kizamani na zuri. Unaweka nzi ndani ya kichupa kirefu chenye mstari uliochorwa kwa maka peni. Unakigonga mezani, nzi wote wanaanguka chini, halafu wanaanza kupanda ukutani, maana nzi mwenye afya akishtuliwa hukimbilia juu. Baada ya sekunde 10 unahesabu waliovuka mstari. Rahisi hadi unaanza kudharau, na hapo ndipo matatizo yanapoingilia.

Mwanafunzi wetu alikuwa na vichupa vitatu vya chakula cha kawaida na vitatu vya chakula chenye kafeini, nzi 20 kila kimoja. Waliovuka mstari: kawaida 18, 14 na 16, kafeini 13, 9 na 11. Mara ya kwanza akapiga hesabu ya 48 kati ya 60 dhidi ya 33 kati ya 60. P ikatoka chini ya 0.01. Furaha tele, picha ya skrini ikatumwa hadi nyumbani. Kisha mwanafunzi wa uzamivu wa maabara ileile akamwambia hapana, hesabu vichupa, si nzi, na usitumie jaribio la t, kipimo cha takwimu cha kulinganisha wastani, kwa sababu una vitu vitatu tu kila upande, tumia kipimo kingine, Mann-Whitney. P ikaruka hadi 0.1. Msiba. Katika rasimu ya tasnifu akaandika: "Kafeini haina athari kwa upandaji wa nzi."

Sentensi hiyo ndiyo inayonipandisha presha.

Tuanze na wale 60. Nzi 20 wa kichupa kimoja wanakula chakula kilekile, kilichomiminwa siku ileile, chenye unyevu uleule na bakteria walewale. Kichupa kikiota ukungu, kimeota kwa wote 20. Kafeini haikugawiwa kwa nzi mmojammoja, iligawiwa kwa vichupa. Kwa hiyo n, idadi ya vipimo vinavyojitegemea, ni 3 kila upande. Ukitaka kujua kama wali wa nazi unanenepesha, ukaenda nyumba tatu Tanga na kupima watu ishirini kila nyumba, umepima sufuria tatu. Kosa hili lina umri. Mwaka 1984 mwanaikolojia Stuart Hurlbert alipitia tafiti 176 za majaribio, akakuta kwamba kati ya zile zilizotumia takwimu za kupima dhana, 48% zilikuwa zimelifanya. Hao walikuwa wasomi wenye tafiti zilizochapishwa, si watoto wa mwaka wa nne. Kwa hiyo mwanafunzi akilifanya simshangai. Simsamehei pia, ila simshangai.

Sasa upande wa pili, ambao hakuna aliyemwambia. Mann-Whitney haijali nzi wangapi walipanda; inatazama nafasi tu, nani juu ya nani. Una vichupa sita. Njia za kuchagua vitatu kati ya sita ni 20. Kati ya hizo, moja inaweka vichupa vyote vya kafeini mkiani, na moja inaviweka vyote kileleni. Mbili kati ya 20 ni 0.1. Basi. Hata kafeini ingewaua nzi wote palepale, p yako isingeshuka chini ya 0.1. Rudi uangalie data: cha juu kabisa cha kafeini ni 13, cha chini kabisa cha kawaida ni 14. Vyote vitatu viko mkiani. Yaani mwanafunzi alipata matokeo makali kuliko yote ambayo mpango wake ungeweza kuyatoa, akayaita "haina athari", akataka kujitoa.

Kichupa kimoja zaidi kila upande kingebadilisha mambo. Nne kwa nne njia ni 70, na p ndogo kabisa inakuwa kama 0.03. Vichupa viwili vya ziada na kijiko cha unga wa mahindi. Hesabu hii inafanyika kabla hujamgusa nzi, kwa kalamu, na ndiyo hasa kamati inataka kujua kama uliifanya.

Mtaniuliza: na jaribio la t je? Kwa data hizohizo linatoa p ya karibu 0.04. Kwa hiyo namba zilezile zina majibu matatu: chini ya 0.01, 0.04, na 0.1. La kwanza ni batili, hilo halina mjadala. Kati ya mawili yaliyobaki, nitakuwa mkweli, wenzangu kwenye kamati huwa hatuelewani. Jaribio la t linakisia mtawanyiko kwa vichupa vitatu vitatu, na vitu vitatu havikwambii kama data zako zina umbo linalotakiwa, lile la kengele. Mann-Whitney haihitaji umbo hilo lakini hapa mikono yake imefungwa. Kuna mwenzangu ambaye angekubali 0.04 bila kupepesa macho. Mimi ningeomba mwanafunzi aonyeshe nukta zote sita kwenye grafu, aandike tofauti ya wastani, nzi watano kati ya ishirini, na upana wa shaka iliyoizunguka, kisha aseme wazi kwamba jaribio lilikuwa dogo. Nani kati yetu yuko sahihi? Mpaka wenyewe wa 0.05 ni desturi tu. Mwanatakwimu Ronald Fisher aliueneza miaka ya 1920, na mwaka 2016 chama cha wanatakwimu wa Marekani kilitoa tamko rasmi kuonya watu wasifanye uamuzi wa kisayansi kwa kuangalia tu kama p imevuka kizingiti fulani. Tamko tunalo. Tabia bado tunayo.

Kwa hiyo "sikuona tofauti" na "hakuna tofauti" ni sentensi mbili, na katikati yake kuna kazi. Ili uandike ya pili, lazima uonyeshe kwamba kama tofauti ingekuwepo ungeiona. Kwa nzi njia moja ni kuweka kikundi ambacho jibu lake linajulikana: nzi wazee. Nzi wa wiki sita hupanda vibaya kuliko nzi wa wiki moja, hilo limeonekana maabara nyingi. Kama jaribio lako haliwezi kumtofautisha mzee na kijana, haliwezi kutofautisha chochote, na kimya chake kuhusu kafeini hakina maana. Kikundi cha namna hiyo huitwa kontroli chanya. Ni kama vile PCR, mbinu ya kunakili kipande cha DNA hadi kionekane kama bendi kwenye jeli: jeli isiyo na bendi hata kwenye kontroli chanya haikwambii kwamba jeni haipo, inakwambia urudie. Shaka yangu iko hapa: nzi mzee ni tofauti kubwa. Jaribio linaloiona tofauti kubwa linaweza kuikosa ndogo. Kontroli chanya inaondoa ujinga mmoja tu, na mara nyingine tunaisifia kupita kiasi kwa sababu inapendeza kwenye bango.

Halafu kuna swali ambalo mimi hulipenda kuliko yote, na mwanafunzi aliyelijibu vizuri nilikuwa tayari kumpa heshima hata p yake ingekuwa 0.9. Nzi walikula? Kafeini ni chungu, na nzi wanauonja uchungu na kuukwepa. Inawezekana kabisa nzi wako hawakupanda kwa sababu walikuwa na njaa. Dawa yake ni ya bei ya sokoni: changanya rangi ya bluu ya chakula kwenye vyakula vyote viwili, waache wale, kisha watazame kwa hadubini. Aliyekula tumbo linaonekana la bluu kabisa kupitia ngozi. Wa kafeini wakiwa weupe, utafiti wako umegeuka kuwa wa ladha, na tasnifu yako imepata sura ambayo hukuitarajia. Mtu akisimama mbele ya kamati akasema "nilishuku hivyo, nikachanganya rangi, na hiki ndicho nilichokiona", tunaacha kuangalia simu.

Mengine ya jaribio hili nayapitisha mbio. Ukiwalaza nzi kwa gesi ya CO2 ili uwatenge jike na dume, wape siku nzima kabla ya kuwapima. Anayehesabu asijue kichupa kipi ni kipi, funika lebo. Usipange vichupa vyote vya kafeini karibu na mlango wa inkubeta. Andika daftari siku ileile, kwa wino.

Kuna wanaonijibu kwa kumtaja Alfred Sturtevant, kama ushahidi kwamba hata mwanafunzi anaweza kuleta matokeo makubwa. Kweli, alikuwa bado mwanafunzi wa digrii ya kwanza Columbia, kwenye maabara ya nzi ya Thomas Hunt Morgan, alipochora ramani ya kwanza ya jeni mwaka 1911, kwa usiku mmoja, akiwa ameziacha kazi zake za darasani. Ikachapishwa 1913. Lakini soma vizuri alichofanya. Alichukua nyumbani data za mazalisho ya nzi ambazo maabara ilikuwa nazo tayari. Usiku ule hakuzalisha nzi hata mmoja. Alikuwa na swali zuri kuhusu namba zilizokuwepo. Ukinitajia Sturtevant, basi nionyeshe swali.

Nikiri pia kwamba woga wa wanafunzi haukutoka hewani. Nje ya idara, majarida hupenda tofauti zilizoonekana, na wao wanaliona hilo kwenye kila makala tunayowapa wasome. Sisi tunawaambia matokeo hasi yana thamani, kisha kwenye korido tunapongezana kwa yale chanya. Na hata ndani ya idara sina uhakika kwamba tunapima mwanafunzi peke yake. Aliyeangukia maabara yenye mwanafunzi wa uzamivu mvumilivu, wa kumwambia mapema aongeze kichupa, huja mbele yetu amenyooka. Aliyeachwa na pipeti na itifaki ya kurasa mbili huja amepinda. Tunatoa heshima kwa jina moja wakati kazi ni ya watu wawili, na sijaona fomu inayorekebisha hilo. Ndiyo maana unapotafuta maabara, usiulize tu mwenye maabara ni maarufu kiasi gani. Uliza nani atakaa na wewe benchi.

Kalenda nayo ina ukatili wake. Tasnifu nyingi zinatakiwa mwezi wa nne. Nzi kwa nyuzi 25 anatoka yai hadi mkubwa kwa siku kama 10, na mnyoo C. elegans kwa siku tatu hivi. Mmea mdogo wa maabara, Arabidopsis, kutoka mbegu hadi mbegu ni karibu wiki sita au nane. Ukitaka kusoma uzee wa nzi, ujue wanaishi miezi miwili na zaidi. Ukitaka panya au samaki, kuna kibali cha kamati ya wanyama, IACUC, ambacho nzi hawahitaji. Ukitaka kuhoji watu, kibali cha IRB, kamati ya maadili ya utafiti wa watu, kinatangulia dodoso la kwanza. Hakitolewi kwa kurudi nyuma, hata ulie.

Kwa mnaosoma Marekani kwa viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni: nafasi za kiangazi za utafiti kwa wanafunzi wa digrii ya kwanza, REU, zinazolipiwa na NSF, mfuko wa sayansi wa serikali ya Marekani, ni za raia wa Marekani na wenye ukaazi wa kudumu. Msipoteze Januari mkiandika barua za maombi huko. Ulizieni fedha za chuo chenyewe, nyingi hazina sharti hilo, au chukueni utafiti kama krediti za muhula.

Na tafadhali, fomu ya kujiandikisha. Katika idara nyingi inajazwa mapema sana, mwishoni mwa mwaka wa tatu au mwanzoni mwa wa nne, wakati mwanafunzi bado anasubiri "matokeo" ndipo aone kama anastahili. Wengi ninaowajua waliokosa heshima hawakushindwa na nzi wala na p. Fomu ilikuwa inataka sahihi ya mwenye maabara kabla ya Ijumaa, na mwenye maabara alikuwa kwenye mkutano, simu imezimwa.