Hana tezi dume, lakini mkojo unakwama

Juzi tena. Mama wa miaka 50 na ushee katoka Mbagala na bahasha ya vipimo, yuko kwenye dozi ya nne ya UTI ndani ya mwaka, na kijana wa duka la dawa kamhakikishia kwamba mkojo kukwama ni shida ya wazee wa kiume. Jamani! Mrija wa mkojo wa mwanamke ni mfupi, sentimita 4 hivi, lakini ufupi si kinga. Kibofu au kizazi kikishuka, mrija unapinda kama mpira wa maji uliokunjika. Kuna kovu, kuna uvimbe, kuna utepe unaowekwa kwa upasuaji kuzuia mkojo kuvuja, ukakazwa kupita kiasi, kuna misuli ya nyonga inayobana badala ya kulegea.

Nikamuuliza, "Mama, chooni unafanyaje mpaka utoke?" Akainamisha kichwa. Anarudisha ndani kwa kidole kile kinyama kinachojitokeza, ndipo mkojo unashuka.

Kinachonikera zaidi ni ile karatasi ya utrasaundi: "Mkojo uliobaki mililita 180, njia imeziba." Nani kasema imeziba? Namba hiyo inasema kibofu hakikumaliza kazi, basi. Huenda mlango wa kutokea mkojo umebana. Huenda kibofu chenyewe kimechoka, hasa kwa mwenye kisukari cha siku nyingi. Mkojo kutoka taratibu nako hakutenganishi hayo mawili. Lazima upime presha ya kibofu na kasi ya mkojo kwa pamoja. Presha juu, kasi chini: mlango umebana. Zote chini: kibofu kimelegea.

Ingekuwa rahisi hivyo ningelala mapema. Kwa wanawake bado tunabishana presha ianzie ngapi ndiyo tuseme imezidi, maana wapo wanaokojoa kwa kulegeza nyonga tu, kibofu hakisukumi karibu chochote. Halafu umemkalisha mtu na mipira mwilini, pazia halifiki mwisho, sista anaita mgonjwa mwingine kwa sauti. Nani atakojoa hapo? Nimewahi kuandika "imeziba". Tukarudia siku nyingine, chumba kimya, grafu ikaja safi. Ile ya kwanza niliipima aibu.

Yule mama tulimwekea pete ya ukeni, ya kushikilia kilichoshuka. Aliporudi alikojoa bila kidole, zikabaki mililita 30. Mkojo wa ile UTI ya nne, uliochukuliwa kabla hajagusa dawa, majibu ya kuotesha bakteria yalikuwemo kwenye bahasha yake mwenyewe: haukuota kitu.