Fransaizi ya mkahawa: kaunti ikija, anajibu nani?

Fransaizi ni ruhusa ya kutumia jina, menyu na utaratibu wa biashara ya mtu mwingine kwa malipo. Anayetoa ruhusa tumwite mwenye chapa. Anayeweka pesa zake na kufungua mkahawa ni mwenye tawi, na kwa mambo ya ujenzi yeye ndiye anayetafutwa.

Wengi hudhani vingine. Mwenye chapa ameleta michoro, amechagua vigae, ametuma mtu kupima kaunta kwa futi kamba. Akiidhinisha, si basi? La. Idhini yake ni ya sura ya biashara, ili mteja aliyekula Mombasa akute kiti kilekile Nairobi. Haisemi kama ukuta unaovunjwa umebeba dari. Mikataba ya fransaizi kwa kawaida humwachia mwenye tawi kazi ya kufuata sheria za mahali, na Kenya haina sheria maalumu ya fransaizi ya kumtua mzigo huo.

Chukua nyumba ya kuishi kule Kilimani unayotaka kuigeuza mkahawa. Kabla fundi hajagusa nyundo, unahitaji kibali cha kaunti cha kubadilisha matumizi. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019 inasema anayeanza bila kibali anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, kufungwa hadi miezi 2, au vyote viwili. Michoro nayo, hata ikitoka kwa mabingwa wa Chicago, ipitie kwa msanifu majengo aliyesajiliwa Kenya, na kontrakta awe amesajiliwa na NCA, mamlaka ya kitaifa ya ujenzi.

Jikoni ndiko kwenye maneno. Mchoro wa makao makuu unaonyesha bomba la moshi likipanda kutoka mashine ya chipsi moja kwa moja hadi paani. Tuseme wewe umekodi chumba cha chini, Ngong Road, na juu yako kuna ghorofa nne za watu. Ukilitokeza ubavuni, wakili aliye ghorofa ya juu atashinda kutwa akinusa kuku wako, na barua zake hazitakawia. Chini ya sinki panahitajika mtego wa mafuta, la sivyo yataganda kwenye bomba la maji taka la jengo zima. Mitungi ya gesi ikae nje, kwenye kizimba chenye hewa. Mlango wa dharura usitiwe kufuli wala kuzibwa na kreti za soda. Hilo la kreti nimeliona mara nyingi mno.

Landlodi ana sehemu yake pia: nguzo, paa, ngazi, mabomba makuu. Mpaka wenu uko kwenye mkataba wa upangaji, kwa hiyo usome kabla ya kulipa dipoziti. Omba kodi ianze kuhesabiwa kibali kikitoka, kisha umwombe mwenye chapa vivyo hivyo kuhusu tarehe ya kufungua.