Mtunza stoo wa miaka 9 analipwa chini ya kijana aliyefundishwa naye, hii inatokeaje?

Kuna kampuni moja ya usambazaji hapa Dar iliniita niwatengenezee mfumo wa mishahara, wafanyakazi kama 140, maghala mawili. Jina sitalitaja na namba nimezigeuza kidogo ili isijulikane. Siku ya kwanza niliomba orodha ya mishahara nikaipanga kwa cheo, nikakuta watunza stoo wawili, mmoja ana miaka 9 pale anapata 620,000, mwenzake ana miezi 7 anapata 850,000, na huyu wa miezi 7 kila kitu kafundishwa na yule wa miaka 9, kuanzia kupokea mzigo mpaka kufunga hesabu za mwezi. Nikamuuliza bosi. Akanijibu bila kuficha, "Dada, yule kijana alitoka kampuni nyingine, akasema hashuki chini ya hapo, na sisi tulikuwa na haraka."

Basi, ndo hivyo tu. Hakuna aliyekaa kikao kumdhulumu yule kaka. Ila mshahara ukipangwa siku mtu anaajiriwa, kwa haraka ya siku hiyo, kwa kuangalia nani anajua kupatana, unakuwa kama nyanya za sokoni, aliyefika asubuhi ana bei yake na aliyefika jioni ana yake. Na watu wanajua, msidanganyane kwamba mishahara ni siri, slipu zinaonekana, watu wanaulizana kwenye chai.

Serikalini hili wamelimaliza zamani. Ukisema fulani yuko TGS D (moja ya madaraja ya mishahara ya serikali) kila mtumishi anajua unaongelea nini, daraja linajulikana na ngazi zake zinajulikana, malalamiko yapo (kupandishwa kuchelewa na kadhalika) lakini hukuti wawili wa kazi moja na daraja moja, mpya akimzidi wa zamani kwa sababu tu alikuwa mjanja kwenye usaili. Sekta binafsi tunaweza kuchukua wazo hilo bila kuchukua urasimu wake.

Kwanza unaipima kazi yenyewe, anayeifanya unamweka pembeni kabisa. Hapa ndo wengi wanateleza, unauliza cheo cha msimamizi wa ghala kina uzito gani unajibiwa "ah, yule ni mchapakazi sana", hapana, sijauliza hilo, hilo litakuja baadaye. Mimi huwa natumia vigezo vinne vinavyotumika sehemu nyingi duniani, yaani ujuzi, juhudi ya mwili na akili, wajibu, na mazingira ya kazi, kila kimoja na pointi zake, alafu naunda kamati ya watu wanaozijua kazi kwa kuzifanya. Pale tulikuwa na mhasibu, dereva, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi na dada mmoja wa kufungasha.

Huyo dada wa kufungasha ndiye aliyetufungua macho. Wapakiaji wa malori, wote wanaume, walikuwa wanapata 480,000, wafungashaji, karibu wote wanawake, 410,000, na kila mtu aliona ni sawa kwa sababu kupakia ni kazi ya nguvu. Akaanza kutueleza zamu yake: anasimama kuanzia asubuhi, anasoma tarehe ya kuisha muda na namba ya toleo kwenye kila katoni, akikosea moja mzigo mzima unarudishwa na mteja na jina lake ndo liko kwenye karatasi. Tukaweka pointi kigezo kwa kigezo, wapakiaji 270, wafungashaji 265. Hiyo ni daraja moja. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ahakikishe wanaume na wanawake wanalipwa sawa kwa kazi zenye thamani sawa, angalia hapo, thamani sawa, sio lazima iwe kazi ileile. Nimeifanya kazi hii miaka mingi na kila mara hapa ndo moyo unanienda mbio.

Ukishapata pointi unagawa madaraja, kampuni ya ukubwa ule inatosha 8 au 9, kisha unaangalia soko linalipaje kwa kazi za mfano. Kila daraja linapata chini, kati na juu. Daraja la watunza stoo tuliliwekea 600,000 chini, 750,000 katikati na 900,000 juu. Ile ya katikati ndo bei ya mtu anayeiweza kazi vizuri bila kusimamiwa. Sasa chukua mshahara wa mtu gawanya kwa katikati: yule wa miaka 9 ni 620 kwa 750, inakuja 0.83, kijana ni 850 kwa 750, 1.13. Namba mbili tu hizo na bosi akanyamaza, maana ukilalamika kwa maneno watu wanabishana ila uwiano ukiwa mezani hamna cha kubishania.

Sasa twende kwenye posho, hapa nataka nikae kidogo kwa sababu ndo panaponiuma zaidi.

Zile 620,000 nilipozifungua nikakuta mshahara wa msingi 310,000, zinazobaki ni posho ya nyumba, nauli na chakula. Nusu kwa nusu! Nikauliza kwa nini, nikaambiwa mhasibu aliyepita alishauri hivyo ili kupunguza kodi. Lakini posho za fedha taslimu sekta binafsi kwa kawaida zinaingia kwenye PAYE (kodi ya mshahara) kama mshahara mwingine, na SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi anayolipa mwajiri) inapigwa kwenye malipo yote, kwa hiyo kodi haikupungua. Kilichopungua ni haki za mfanyakazi, kwa sababu kwenye sheria mshahara wa msingi hauhesabu posho, na vitu vingi vinapigwa kwa msingi. Ovataimu ni mara moja na nusu ya msingi. Kwa wiki ya saa 45 mwezi una saa kama 195, kwa hiyo kwa msingi wa 310,000 saa moja ya ovataimu inatoka kama 2,385, wakati msingi ungekuwa 620,000 ingetoka 4,769. Kiinua mgongo nacho ni siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Kwa miaka 9 ni siku 63, anayefanya kazi siku 6 kwa wiki unagawa mshahara kwa 26, kwa hiyo huyu kaka angepunguzwa kazi siku ile angeondoka na kama 751,000 badala ya 1,502,000, na mwenyewe alikuwa hajui, anaona tu mkononi pesa inaingia ileile.

Ushauri wangu kwa waajiri ni mmoja, posho iwe na sababu unayoweza kuieleza mbele ya wafanyakazi. Nauli ya zamu ya usiku, sawa, mtu anatoka saa 6 usiku hakuna daladala. Ila posho ya nyumba ambayo kila mtu anapata kila mwezi hiyo ni mshahara, iingize kwenye msingi.

Wamiliki wakisikia hivyo wanaogopa gharama, na wana haki ya kuhesabu, kwa hiyo huwa nawafungulia Eksel tunahesabu wote. Mfanyakazi wa 1,000,000: mwajiri anaongeza NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) 10% yaani 100,000, SDL 3.5% ni 35,000 (kama una wafanyakazi 10 au zaidi), WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) 0.5% ni 5,000, jumla 1,140,000. Upande wa mfanyakazi inatoka NSSF 100,000, kodi inapigwa kwenye 900,000 iliyobaki inakuja 103,000, mkononi 797,000. Akiwa na mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu) anakatwa tena 15% ya msingi, anabaki na 647,000. Mweleze hivyo siku ya kuajiri, watu wanagombana na HR mwezi wa kwanza kwa sababu waliambiwa milioni.

Nyongeza za mwaka, hii nitapita haraka. Kuongeza 5% kwa wote inaonekana ni haki lakini meneja wa 6,000,000 anapata 300,000 na mlinzi wa 400,000 anapata 20,000, miaka mitano hivyo na pengo limekuwa mto. Aliye chini ya katikati ya daraja lake apewe asilimia kubwa zaidi kama anafanya kazi vizuri, aliye juu apewe kidogo. Na kima cha chini kikipanda angalia madaraja yanayofuata. Mei Mosi 2025 pale Singida Rais Samia alitangaza kima cha chini serikalini kutoka 370,000 kwenda 500,000 kuanzia Julai, ni 35.1%. Sasa fikiria kampuni imepandisha chini namna hiyo na haijagusa juu, msimamizi na anayemsimamia wanakutana kwenye mshahara karibu uleule.

Kijana wa 850,000 hatukumgusa, mshahara haupunguzwi bila makubaliano ya mtu, na yeye hakukosa kitu. Nyongeza zake tu zitaenda taratibu. Wafungashaji tuliwasogeza kwa awamu mbili na kila mtu akapewa barua yenye daraja lake na mipaka yake. Mtunza stoo wa miaka 9 alipanda mpaka 700,000 mwezi wa saba, yote msingi, na 750,000 Januari. Aliposoma barua hakusema kitu, akaenda stoo akarudi na daftari lake la ovataimu, mwezi ule alikuwa na saa 22. "Dada, hebu nipigie." Kwa msingi wa zamani zilikuwa kama 52,000. Kwa mpya zikaja kama 118,000. Akaniomba nirudie tena hesabu, taratibu, ili aiandike mwenyewe.