Jukwaa si programu kubwa: dhana ninazokutana nazo Dodoma

Tangu ofisi yetu ihamie Dodoma, haipiti wiki sijaitwa na mtu anayetaka kujenga "mfumo". Mara nyingi tunakutana kwenye nyama choma, na mara nyingi naambiwa mambo yameshapangwa, kimebaki kuandikwa tu. Mimi naongoza bidhaa kwenye jukwaa la malipo na kumbukumbu. Linatumiwa na saccos, vyama vya wakulima na maduka ya pembejeo, kuanzia Kongwa hadi Manyoni. Haya ndiyo ninayoyasikia sana.

Dhana: Jukwaa ni programu, ila kubwa.

Nenda Kibaigwa msimu wa mahindi. Soko lenyewe halilimi wala halinunui. Kazi yake ni mizani isiyodanganya, ushuru unaojulikana, njia ya kupitisha Fuso, na utaratibu wa nani anatangulia kushusha mzigo. Wanaouza na kununua ni wengine, kila mmoja na hesabu zake. Jukwaa la programu ni hivyohivyo: mteja wako wa kwanza ni fundi anayejenga juu yake, kabla ya mwananchi anayebonyeza simu. Ukilisahau hilo utaanza kuuza mahindi ndani ya soko lako mwenyewe, na wafanyabiashara watakuangalia kwa jicho lingine. Mwaka 2012 Twitter iliziwekea programu za watu wengine zilizofanana na yake kikomo cha watumiaji 100,000, labda zipewe ruhusa. Waliokuwa wamejenga biashara humo wakajikuta wamepanga nyumba ya mtu.

Dhana: Badiliko dogo hakuna atakayelijua.

Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo tulipoumia.

Kuna kanuni iliyopewa jina la Hyrum Wright, mhandisi aliyefanya kazi Google. Inasema watumiaji wakishakuwa wengi, ulichoahidi kwenye maelezo hakina tena uzito. Kila tabia ya mfumo wako inayoonekana, kuna mtu ameshaiegemea. API yetu, yaani mlango ambao mifumo ya wengine huombea taarifa kwetu, ilikuwa inarudisha orodha ya miamala, wa karibuni ukiwa juu. Hatukuandika popote kwamba itakuwa hivyo. Ilitokea tu. Alhamisi moja tukabadili hifadhidata ili iende kasi, mpangilio ukageuka. Vipimo vyote vikapita, tukapongezana, tukaenda kula.

Jumamosi asubuhi simu ikaita kutoka upande wa Manyoni. Mfumo wa saccos moja ulikuwa unachukua mstari wa kwanza wa orodha na kuuita salio. Wanachama wamepanga foleni, wanasomewa salio la mwaka juzi. Kijana aliyeandika mfumo ule alikosea, ndiyo, lakini nenda ukamwambie hivyo mama aliyekuja kutoa ada ya mtoto.

Tangu siku hiyo toleo jipya huishi kando ya la zamani. Tarehe ya kuzima la zamani hutangazwa miezi sita kabla. Kisha tunapekua kumbukumbu za seva kuona nani hasa bado anapita njia ile, na huyo tunampigia. Barua pepe hazisomwi, simu inapokelewa.

Dhana: Mteja mkubwa akiomba, mpe.

Wa kwanza alitaka sehemu ya kujaza namba ya gunia. Tukampa. Wa pili akataka namba ya lori, wa tatu jina la dalali. Fomu ikawa ndefu kama daftari la msiba, na karani anayeitumia kila siku anajaza sehemu tisa tu. Siku hizi ombi la mmoja tunaliandika na kuliacha. Likija la tatu lenye sura ileile, tunajenga kitu kimoja ambacho kila chama kinakipa jina linalokifaa. Kusema "bado" kwa mtu anayekulipa vizuri ni kazi ngumu kuliko kuandika programu, na sijaizoea.

Dhana: Asilimia 99.9 ya upatikanaji ni kama mia.

Piga hesabu. Upatikanaji ni sehemu ya muda ambayo huduma iko hewani. Katika mwezi wa siku 30, 99.9 inaacha dakika 43 za kuzimika. Ukiwa na huduma kumi zinazotegemeana, kila moja na 99.9 yake, na zikizimika kwa nyakati tofauti, jumla inashuka hadi karibu 99.0. Hizo ni zaidi ya saa 7. Tena dakika 43 za saa nane usiku si sawa na dakika 43 za siku ya mnada.

Na kuna ambayo huyamiliki. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikayumba nchi nzima. Seva zetu zilikuwa nzima kabisa, hazifikiki. Kilichotuokoa ni uamuzi wa zamani ambao wengi waliuona wa kupoteza muda: muamala unapewa namba yake palepale kwenye simu ya karani na unasubiri mtandao. Ukitumwa mara mbili, unahesabiwa mmoja.

Dhana: Jenga kwanza, watumiaji watafuata, kama GePG.

GePG, mfumo wa kielektroniki wa kulipia huduma za Serikali, ilianza 2017, na leo hata bibi kijijini anajua kontro namba. Lakini nyuma yake kuna Serikali. Wewe una Hazina? Basi anza na vyama viwili vyenye shida moja.

Dhana: Kiongozi wa bidhaa lazima awe mkali wa kuandika kodi (code) za programu.

Ukitamka "kodi" hapa mjini watu wanafikiria TRA. Ujue kuisoma, inatosha.

Dhana: Nani anakaa ofisi ipi ni mambo ya utumishi.

Mwaka 1968 Melvin Conway aliandika kwamba mfumo hufanana na mawasiliano ya waliouunda. Sisi nusu ya timu ilibaki Dar, nusu ikaja huku. Baada ya mwaka jukwaa lilikuwa na namna mbili za kuingia na orodha mbili za wateja, na hakuna aliyekaa akaamua iwe hivyo. SGR imesaidia, mtu anakuja asubuhi na kurudi jioni, ila kilichoponya ni kuipa kila timu kipande chake kizima, kuanzia hifadhidata hadi simu za malalamiko.

Lile toleo la zamani lililotuletea ya Manyoni bado linawaka, ingawa tarehe ya kulizima imeshapita. Limebakiwa na mtumiaji mmoja, duka la pembejeo Mpwapwa. Nimeshampigia mzee mwenye duka mara tatu. Anasema aliyemtengenezea mfumo ni mpwa wake, yuko UDOM, na hawezi kumsumbua mpaka amalize mitihani.