Msiniletee Ripoti, Nileteeni Kibloku

Wiki hii nimetumiwa tena picha ya karatasi kwa WhatsApp: ripoti ya kinyama cha titi, yaani kipande kidogo kilichokatwa ili kipimwe, pembe imekunjwa, mstari wa mwisho hausomeki. "Daktari, tunaomba maoni ya pili."

Jamani, nikisoma ripoti ya mwenzangu hujapata maoni ya pili. Umepata maoni yake yaleyale, yamesomwa na mtu mwingine. Kama yeye aliona saratani mahali ambapo haipo, au akaikosa ilipokuwepo, karatasi haiwezi kunionyesha.

Mimi ni mwanapatholojia: nasoma vinyama kwenye hadubini. Kinyama kikitoka kwako huingia kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi kisiharibike, kisha hugandishwa ndani ya nta. Hicho ndicho kibloku. Hukatwa vipande vyembamba vya maikroni 3 hadi 5 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), vikabandikwa kwenye vioo na kutiwa rangi. Jibu limo kwenye vile vioo, na kibloku hubaki maabara. Kikikaa mbali na joto kinadumu miaka, na mara nyingi kinatosha kukatwa tena na tena.

Ndiyo maana naumia kuona mama anakatwa kinyama cha titi upya kwa sababu tu amehamia hospitali nyingine. Zipo sababu halali za kurudia: kinyama kilikuwa kidogo kikaisha, au kilichelewa kuingia kwenye formalini kikaharibika. Lakini uliza kwanza: "Kibloku cha mwanzo kiko wapi?"

Halafu kuna jambo ambalo vitabu hulipitia haraka. Sisi wenyewe tunatofautiana. Mwaka 2015 huko Marekani ulitoka utafiti wa wanapatholojia 115 waliosoma vinyama vya titi, majibu yao yakalinganishwa na ya jopo la wabobezi. Kwenye saratani iliyokwisha kupenya walilingana na jopo mara 96 kwa 100. Kwenye chembe zilizoanza kubadilika lakini bado si saratani, mara 48 tu. Kwa hiyo maoni ya pili yakipishana na ya kwanza, usidhani wa pili ndiye mkweli kwa kuwa yuko hospitali kubwa au nje ya nchi. Omba wazungumze, au vioo viende kwa wa tatu. Mimi huangalia vioo kabla ya kufungua ripoti ya mwenzangu, nisivutwe na jibu lake. Hata hivyo sina hakika kwamba sivutwi kabisa, maana barua ya rufaa huwa imeshanidokeza.

Mnaogopa kumkwaza daktari wa kwanza. Anayejua kazi yake hakwaziki. Kenya, hati ya haki za wagonjwa ya 2013 inayataja maoni ya pili waziwazi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na inakupa haki ya kuzifikia taarifa zako. Usiombe kama unayeomba hisani. Andika barua ya kuomba kibloku na vioo, taja jina lako kama lilivyo kwenye faili, na namba ya sampuli. Namba hiyo ndiyo iliyoandikwa ubavuni mwa kibloku. Zisipolingana, usiondoke dirishani.

Vipimo vya picha za ndani ya mwili, CT na MRI, ni hivyohivyo: chukua CD yenye picha zenyewe, siyo maelezo peke yake.

Ukikabidhiwa kibloku, saini, hakikisha kimefungwa vizuri, na usikiache ndani ya gari juani, nta inaweza kuyeyuka. Vioo vifungwe kwenye kasha gumu. Kibloku kikishatumika kirudishwe maabara kilikotoka, kwa sababu miezi ijayo daktari wako wa saratani anaweza kutaka kipimo cha vipokezi vya homoni au cha protini ya HER2, ili achague dawa, na kipimo hicho kinafanyika kwenye kibloku hichohicho.