Saizi ya kwilti yaanza kwenye neti, si kwenye chati

Swali ninaloulizwa sana kuhusu kwilti, yale mablanketi ya vitambaa vilivyoungwa na pamba katikati, hapa dukani kwangu Langoni, Lamu, ni "fundi, kwilti ya kitanda cha tano kwa sita niikate ngapi kwa ngapi?" na anayeuliza mara nyingi ashapata chati kwenye simu imeandikwa kwini, ashaamua ndo hiyo hiyo.

Sasa chati nyingi hizo ni za Marekani. Kwini yao ni godoro la inchi 60 kwa 80. Letu la tano kwa sita ni futi, kwa hiyo hesabu yake ni 60 kwa 72, na ukilipigia tepu mengine yanatoka 75 ingawa dukani wamekwambia sita. Upana sawa, urefu hapana, na unene ndo kabisa, maana ya kwao huwa manene mno na sisi wengi tunalalia ya inchi 6 au 8. Acha chati, pima godoro lenyewe likiwa kitandani na shiti juu yake: upana, urefu, unene.

Halafu kabla hujaongeza hata inchi moja jiulize, hii ni ya kutandika mchana watu waione au ni ya kujifunika usiku? Kwa maana Lamu tunalala ndani ya neti na neti inachomekwa chini ya godoro. Kwilti inayoning'inia inchi 12 kila upande usiku itakwenda wapi? Ukiiacha nje haikufuniki, ukiiingiza ndani inajirundika ubavuni, inasukuma neti, neti inachomoka, mbu wanaingia kwa raha zao. Ya kujifunika mimi naongeza inchi 6 tu kila upande, mkiwa wawili mnaovutana nitaongeza 8, na pamba ya katikati naweka nyembamba kabisa kwa sababu hata kusi likivuma hapa hakuna baridi ya kutaka zaidi ya hapo. Isitoshe nani atakufulia? Kwilti ya sita kwa sita ikishalowa kwenye beseni inataka watu wawili kuikamua, na kamba ya kuanikia uwe umeifunga sawasawa.

Ya kutandika ndo ina hesabu tamu. Tuseme godoro ni 60 kwa 75, unene 8. Nataka ishuke inchi 12, yaani 8 za godoro na 4 za kuficha mbao. Upana 60 jumlisha 24 ni 84. Urefu 75 jumlisha 12 za miguuni ni 87, kichwani sishushi kitu. Kama unaunga miraba ya inchi 12, saba zinakupa 84 ya upana barabara, lakini kwa urefu saba zinapungua inchi 3 na nane zinafika 96. Chukua nane, zile 9 zilizozidi zinaingia chini ya mito na kitanda kinakaa kama cha gesti. Miraba 56 jumla. Na mraba wa 12 unaukata 12 na nusu jamani, robo inchi kila upande ya mshono! Ukikata 12 kamili unabaki na 11 na nusu, na kwa miraba saba ushapoteza inchi tatu na nusu bila kujua zimekwenda wapi.

Bado kuna kusinyaa. Ukipiga ile mishono ya juu inayoshika tabaka zote tatu kitambaa kinavutika ndani, halafu pamba ikifuliwa mara ya kwanza inarudi tena. Mimi nakadiria asilimia 3 mpaka 5, kwa hiyo naizungushia pindo la inchi 2, inatoka 88 kwa 100, ikishafuliwa inarudi pale pale nilipotaka.

Wenye samadari, vile vitanda virefu vya kupandia kistuli, wanataka ishuke mpaka sakafuni. Nawakatalia, wengine wananuna. Umelipia miguu iliyochongwa, mbona unaivika nguo? Na ile ncha ya chini kazi yake ni kufagia vumbi na kulaliwa na paka.

Bitana sasa, kile kitambaa cha chini. Bitana na pamba zote zizidi kwilti inchi 4 kila upande, utapunguza mwisho. Kwa hiyo ile ya 88 kwa 100 inataka bitana ya 96 kwa 108. Kitambaa cha upana wa inchi 45 utaunga vipande vitatu, utakula zaidi ya mita 7, cha inchi 60 vipande viwili vya kulala vinatosha, mita 5 umemaliza. Wengi hapa wanapenda leso na mimi pia napenda, ila leso ni kama mita moja na nusu kwa sentimita 110, ukiunga doti mbili, leso nne, unapata karibu inchi 118 kwa 86. Kitanda cha nne kwa sita kinaingia humo vizuri. Cha tano kwa sita upana hautoshi, itabidi doti ya tatu. Na angalia jina la leso lisikatwe katikati wala lisisimame kichwa chini, kuna mabibi hapa mtaani wakiligeuza wakakuta hivyo utasutwa mpaka ujute kununua uzi.

Mwenye kitanda cha vipimo vya ajabu aniandikie hapa chini: upana, urefu, unene, na neti yako ni ya kuchomeka au ya kuangusha mpaka chini, maana ya kuangusha hiyo hesabu yake nyingine.